Mtoto wa benchi la nyuma



Mwezi huu tumeona tuongee juu ya darasa. Mambo ya yunifomu na michango tumeyaongea mara nyingi, tunayaweka pembeni. Tunataka kuingia mle ndani kabisa, pale watoto wanapokaa na mwalimu anaposimama. Tumesukumwa na swali ambalo wamama wengi wanatuletea wakiwa kwenye foleni ya maji: "Mtoto wangu anaenda ku masomo kila siku, hakosi hata siku moya, lakini anarudi hajue kitu. Shida ni mtoto ao ni mwalimu?"

Sisi tunaoandika jarida hili ni wazazi kama nyinyi, na wawili kati yetu tulishika chaki huko Kongo kabla ya kukimbia. Tunasema hivi: kabla hujamhukumu mtoto, na kabla hujaenda kugombana na mwalimu, muulize mtoto wako jambo moja dogo. Leo ulikaa wapi?

Ukisikia "nyuma", na kesho "nyuma", na wiki nzima ni "nyuma", basi umeshapata nusu ya jibu.

Kwanza hesabu

Chukua darasa la watoto 110. Hapa kwetu hakuna atakayeshangaa namba hiyo. Somo ni la dakika 40. Kama mwalimu angeamua kumpa kila mtoto muda sawasawa, asiandike ubaoni hata neno moja, kila mmoja angepata sekunde 22 hazijafika. Ndani ya sekunde 22 hata kamba za viatu hujamaliza kufunga. Sasa mwalimu atafanya nini? Ataongea na wale anaowaona, ndio wale wa benchi tatu za mbele. Hao wananyoosha mkono, wanajibu kwa sauti moja "Yesi, ticha!", na ukisimama mlangoni utasema darasa lote linaelewa. Wa nyuma nao wanafungua mdomo pamoja na wengine. Mtoto anaweza kuimba majibu mwaka mzima bila kujua alichojibu.

Wingi huu una sababu zake. Shule za msingi za serikali hapa Uganda ziliondoa ada mwaka 1997 na watoto wakamiminika. Halafu ukaja ugonjwa wa korona: mashule yalifungwa mwezi wa tatu 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa mpaka mwezi wa kwanza 2022. Hakuna nchi nyingine duniani ambako shule zilifungwa kwa muda mrefu hivyo. Wakubwa na wadogo wakarudi pamoja. Na wakati huohuo vita vya M23 vikawa vimerudi, tangu mwisho wa 2021, na mwaka 2025 Goma ikaanguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Watu wakaja, na watoto wao.

Tena watoto hao wanaingia katikati. Kongo mwaka wa masomo unaanza mwezi wa tisa, hapa unaanza mwezi wa pili. Anayefika mwezi wa kumi anakuta wenzake wako muhula wa tatu, wanajitayarisha kwa mitihani. Anaelekezwa pale penye nafasi. Na nafasi ni wapi? Ni nyuma.

Kukaa ni masomo pia

Wazazi wengi wanafikiri darasa zuri ni darasa la matofali na madirisha ya vioo. Sawa, nani asiyelitaka? Lakini tumeona darasa la turubai linalofundisha, na tumeona jengo jipya lenye rangi ambamo nusu ya watoto wanalala. Kinachotenganisha hayo mawili mara nyingi ni namna mwalimu alivyowapanga watoto.

Mwalimu mmoja wa P2 tuliyemtembelea aliweka utaratibu rahisi sana. Kila Jumatatu nusu ya mbele inaenda nyuma, na nusu ya nyuma inakuja mbele. Amekwisha. Wengine wanapenda kuzungusha mstari mmoja mmoja, lakini sisi hatupendi hiyo, sababu kama mistari ni kumi, mtoto aliyeko mwisho anaweza kungoja wiki nyingi kabla hajauona ubao vizuri, na muhula unakwisha. Kubadilisha nusu kwa nusu, hakuna anayekaa mbali zaidi ya wiki moja.

Na mwalimu naye ana miguu. Somo la kwanza asimamie mbele, la pili aende afundishe akiwa amesimama nyuma, watoto wageuke. Ubao mdogo wa kubeba, au hata kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, kinatosha. Siku ya kwanza watacheka. Siku ya tatu watakuwa wamezoea, na yule aliyejificha nyuma akichezea kifuniko cha chupa atashituka kuona kwamba leo yeye ndiye wa mbele!

Kuna watoto ambao hawatakiwi kuzungushwa: wale wasioona vizuri na wale wasiosikia vizuri. Hao wabaki mbele siku zote. Wengi wao hakuna anayewajua, hata nyumbani. Jaribu hivi, mzazi: simama nyuma ya mtoto hatua chache, akiwa hakuoni, umwite kwa sauti ya chini. Rudia siku tofauti. Kama haitiki mpaka upige kelele, usimwite kichwa ngumu, mpeleke kituo cha afya wamwangalie masikio. Na kama akisoma anakunja uso, au anasogeza daftari karibu na pua, hayo ni macho. Ukishajua, nenda ukamwambie mwalimu kwa mdomo wako, usitume mtoto.

Mwanga nao una kazi yake. Anayeandika kwa mkono wa kuume anataka mwanga utoke upande wake wa kushoto, kusudi kivuli cha mkono kisifunike herufi. Ubao usitazamane na mlango wazi, utang'aa na hakuna atakayesoma. Ukishakuwa mweupe kwa kuzeeka, waalimu wa kwetu wanajua kuusugua kwa mkaa uliosagwa pamoja na majani ya viazi vitamu, unarudi kuwa mweusi. Kuna wanaotumia unga wa ndani ya betri. Hiyo tunawaomba waache, ni sumu, na watoto ndio wanaofuta ubao kwa mikono.

Halafu makundi. Watoto 110 ni makundi 11 ya watu kumi kumi. Kila kundi lina kiongozi, na kiongozi anabadilishwa, asiwe mtoto yuleyule mwenye sauti kubwa mwaka mzima. Mwalimu hawezi kusahihisha daftari 110 kwa siku moja, tusimdanganye. Lakini anaweza kuchukua makundi mawili kwa siku, na siku moja achukue matatu, na wiki ikiisha ameona daftari la kila mtoto mara moja. Kuona daftari mara moja kwa wiki kunashinda kuweka alama ya vema kwa haraka haraka kila siku bila kusoma.

Herufi zinazobadilisha jina

Hapa tunaomba mtulie kidogo, sababu jambo hili linaumiza watoto wetu na watu hawaliongelei.

Mtoto aliyesoma mwaka wa tatu au wa nne Kongo anafika hapa, anapimwa kwa Kiingereza, anashindwa, anarudishwa P1 au P2. Ana miaka kumi na moja, anakaa na watoto wa miaka sita, magoti yanagonga benchi. Mzazi anaona aibu. Mtoto anaona aibu zaidi. Baada ya muhula mmoja anaanza kusema tumbo linauma kila asubuhi, na baada ya mihula miwili anauza maandazi sokoni. Tunawajua hao, wako kwenye vijiji vyetu vyote.

Lakini angalia kwa nini alishindwa. Mwalimu anasoma herufi kwa imla. Anasema "ii". Kwa Kiingereza hiyo ni E. Mtoto wetu aliyejifunza Kifaransa anaandika I, na kwa alivyofundishwa yeye hajakosea. Mwalimu anasema "ei", anataka A. Mtoto anaandika E yenye alama juu yake. Na mbaya kuliko zote ni G na J: zile mbili zimebadilishana majina. Ile inayoitwa karibu na "je" kwa Kifaransa ni G, na kwa Kiingereza inayoitwa "jei" ni J. Mtoto anaandika kinyume kila mara, mwalimu anachora msalaba mwekundu kila mara, na hakuna kati yao anayejua kosa limetoka wapi.

Nenda kwenye namba. Kongo tunaandika 1 na mkia mrefu unaopanda, na 7 tunaikata katikati. Mwalimu wa hapa akiona ile 1 anasoma 7. Jibu lilikuwa 11, yeye ameona 77. Kugawanya ndiyo kabisa: sisi namba inayogawanya tunaiweka kuume, na jibu tunaliandika chini yake. Hapa namba inayogawanya inakaa kushoto na jibu linapanda juu. Mtoto anayejua kugawanya vizuri, anayeweza kukupigia hesabu ya soko bila karatasi, anapewa sifuri. Nukta na mkato kwenye namba za desimali ni hivyohivyo. Na mwandiko: wengi wetu tulifundishwa kuunganisha herufi tangu mwanzo, hapa wadogo wanaandika herufi zilizosimama moja moja. Mtoto anakopi ubao polepole kama mtu anayechora picha, na kabla hajafika mstari wa tatu ubao umefutwa.

Tumelieleza hili kwa urefu sababu linatibika, tena upesi. Ni mambo machache tu. Mwalimu akiyajua, atachukua dakika kumi kwa siku kwa wiki mbili, atawaita wageni pamoja na kuwaonyesha: "Kwenu mliita hivi, hapa tunaita hivi." Mtoto akisikia hivyo uso wake unabadilika. Kumbe hakuwa mjinga, alikuwa amevuka mpaka tu.

Na wazazi mliosoma, kazi hii mnaweza kuifanya nyumbani bila kujua Kiingereza kingi. Andika alfabeti kwenye karatasi, na chini ya kila herufi andika kwa Kiswahili jinsi Waganda wanavyoitamka: ei, bii, sii. Ibandike ukutani. Kijana wa jirani aliyefika sekondari atakusaidia kuisahihisha.

Kuhusu lugha ya kufundishia, mpango wa serikali tangu 2007 ni kwamba P1 mpaka P3 wafundishwe kwa lugha ya mahali, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 ni Kiingereza. Mahali penye lugha nyingi zilizochanganyika, shule inaruhusiwa kutumia Kiingereza tangu mwanzo. Hapa wilaya ya Isingiro lugha ya wenyeji ni Kinyankole. Lakini ndani ya darasa moja la kambi utakuta Kinyamulenge, Kifuliiru, Kibembe, Kishi, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi, na hakikatazwi. Kinyume chake, mwaka 2022 serikali ya Uganda ilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Basi mwalimu anayemkuta mtoto akimtafsiria mwenzake kwa Kiswahili chini chini asimfukuze. Huyo mtoto anamfanyia kazi bure. Amweke katikati ya wale wageni, ampe jina la msaidizi. Shule zilizopata mwalimu msaidizi kutoka kwetu wakimbizi, anayetafsiri darasani, zinajua faida yake. Zisizompata zitumie watoto.

Mvua ikipiga mabati

Kuna darasa tuliloingia, mvua ikaanza ghafla juu ya mabati. Wenye kambi wanaijua sauti hiyo, huwezi kusikia hata anayekaa karibu na wewe. Watoto wengi walicheka. Wawili walikuwa chini ya benchi.

Watoto waliopita kwenye vita si wote wanaolia. Kuna anayekaa kimya kama jiwe, kuna anayepiga wenzake bila sababu, kuna anayetazama dirishani saa zote. Mwalimu akiwa na watoto mia moja ataona utundu na uvivu. Hatumlaumu. Lakini yako mambo madogo yanayosaidia, na hayana gharama.

Mtoto kama huyo akae mahali anapouona mlango. Asishikwe kutoka nyuma. Akiitwa aitwe kwa jina, kwa sauti ya kawaida. Mbao zikianguka au pikipiki ikipiga mlio nje, mwalimu aseme mara moja ni nini, "ni pikipiki tu", halafu aendelee. Mvua ikija asishindane nayo kwa kupiga kelele mpaka koo likauke. Aandike ubaoni, watoto wakopi, au wahesabu kwa vifuniko vya soda mpaka itulie.

Kikubwa zaidi ni kila siku ifanane na jana yake. Tukiingia tunasalimiana hivi, halafu jina, halafu wimbo, halafu hesabu. Mwalimu akitaka kimya anapiga makofi kwa mdundo fulani na watoto wanajibu kwa mdundo uleule. Kwa mtu mzima hayo yanachosha. Mtoto ambaye nyumba yake iliisha usiku mmoja, kwake kujua kinachofuata ni mapumziko. Atatumia nguvu zake kujifunza badala ya kukaa macho akingoja jambo baya.

Jina pia. Kwenye kadi ya wakimbizi mtoto ameandikwa jina moja, nyumbani anaitwa lingine, la babu au la utani. Mwalimu anaita orodha, mtoto haitiki, anahesabiwa hayupo. Akiwa wa benchi la nyuma, nani atasema "yuko hapa"? Tuwafundishe watoto wajue jina lao la kwenye kadi, na tumwambie mwalimu lile analoitikia haraka. Kipande cha katoni kifuani chenye jina, wiki za kwanza za muhula, kinamsaidia mwalimu sana.

Fimbo

Tunajua hapa tutagombana na baadhi yenu. Mzazi anafika shuleni anasema: "Mwalimu, umupige tu, miye nakupatia ruhusa." Kwanza, ruhusa hiyo huna. Wizara ya elimu ya Uganda ilitoa waraka wa kukataza viboko shuleni mwaka 2006, na sheria ya watoto iliporekebishwa mwaka 2016 marufuku hayo yakaingia ndani ya sheria. Mwalimu anayepiga anaweza kushitakiwa, na wewe uliyempa ruhusa hutamwokoa.

Lakini tuache sheria. Tazama fimbo inamfanya nini yule mtoto wa nyuma. Wa mbele wanachapwa kidogo, sababu wanajua majibu. Wa nyuma ndiye anayechapwa, kwa kutojua kile ambacho hakukisikia. Kesho akiulizwa hatanyoosha mkono, atajificha zaidi. Darasa litakuwa kimya, na kimya hicho tunakiita nidhamu. Wengine wanasema sisi tulichapwa na tukasoma. Kweli, tuliobaki tulisoma. Wale waliotoroka hawako hapa kutuambia.

Darasa kubwa bila fimbo linataka kazi zaidi, hatukatai. Linataka sheria chache, tatu au nne, zilizowekwa pamoja na watoto wenyewe na kuandikwa ukutani. Linataka mtukutu apewe kazi: kugawa madaftari, kufuta ubao, kuchota maji ya kunawa. Ukimtazama vizuri, mtukutu mara nyingi ni yule aliyemaliza zoezi mapema na hana la kufanya, au ni yule ambaye hakuelewa tangu dakika ya kwanza. Hao wawili hawatibiwi kwa dawa moja.

Wasichana wakubwa

Tupitie hapa haraka, tutarudi siku nyingine na ukurasa mzima. Msichana wa miaka 13 aliyerudishwa P3 anakaa nyuma kwa kupenda mwenyewe, sababu ya mwili wake. Akiwa kwenye siku zake hataki kusimama kwenda ubaoni. Mwalimu asimlazimishe kusimama, ajibu akiwa amekaa. Choo cha wasichana kiwe na komeo la ndani. Mama, kitambaa safi cha akiba kiwe ndani ya mfuko wake wa shule kila siku, usingoje akuombe. Darasani wasichana wasipewe kazi ya kufagia peke yao huku wavulana wakicheza mpira. Fagio haina jinsia.

Na sisi nyumbani

Mpaka hapa tumemtwika mwalimu mzigo. Kuna sehemu yake na kuna sehemu yetu.

Anayechelewa anakaa nyuma. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuamke mapema. Mtoto anatumwa maji saa kumi na mbili asubuhi, foleni ni ndefu, anafika darasani saa tatu akiwa na jasho, benchi zimejaa. Maji yachotwe jioni, au mkubwa mwingine aende. Tunajua kuna nyumba ambazo mkubwa huyo hayupo, mama ni mmoja na watoto ni sita. Nyumba kama hizo majirani wapeane zamu. Tumeona vijiji vinavyofanya hivyo.

Njaa pia inakaa darasani. Msaada wa chakula ulipunguzwa tena mwaka 2025 na nyumba nyingi zikaondolewa kabisa kwenye orodha, hatuhitaji kuwaeleza. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inasema chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi, kwa hiyo shule ikiomba mchango wa uji haivunji sheria, ingawa asiyeweza kulipa hafukuzwi shule kwa sababu hiyo. Ushauri wetu: pale ambapo fedha hamna, kamati ya wazazi iombe kupokea mahindi au kuni au siku ya kazi badala ya pesa. Kikombe kimoja cha uji saa nne kinashinda mahubiri yote juu ya usikivu. Na asubuhi, hata kiazi kimoja cha jana.

Jioni, maswali yetu tuyabadilishe. Ukimuuliza mtoto "umejifunza nini?" atakujibu "vitu vingi" na kukimbia kucheza. Muulize: Leo ulikaa wapi? Nani alikaa kuume kwako? Mwalimu alikuuliza nini? Alikuita kwa jina gani? Onyesha kaye yako. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza yote hayo. Anaweza pia kuona kama kaye ya leo ina maandishi mapya ama ni yale ya wiki iliyopita.

Ukiona mambo hayaendi, nenda shule. Nenda siku ya kawaida, usingoje mkutano. Msalimie mwalimu kwa heshima, mwombe ukae nyuma kabisa kwa somo moja, hapo anapokaa mwanao. Usiseme kitu, sikiliza tu. Utajua mwenyewe kama sauti inafika, kama ubao unaonekana, kama maneno yanaeleweka. Baada ya hapo mazungumzo na mwalimu yatakuwa mazungumzo ya watu wawili walioona kitu kimoja. Waalimu wengi watafurahi. Wao wenyewe wamechoka, na mara nyingi wazazi wanaofika ni wale wa kulalamika tu.

Halafu mabenchi. Darasa ambalo watoto wanakaa chini haliwezi kuandika vizuri, mgongo unauma na vumbi linaingia kwenye madaftari. Kungoja shirika lilete madawati ni kungoja muda mrefu. Benchi la udongo tunaliweza sisi wenyewe, kama tulivyofanya kwa shule zetu za vijijini Kivu: matofali mabichi yanapangwa kwa mstari, yanafunikwa kwa udongo wa kichuguu uliokanyagwa vizuri na maji, unalainishwa juu kwa mkono. Liwe la kimo cha goti la mtoto wa darasa hilo, si la mtu mzima, na kati ya mstari na mstari iachwe njia ya mwalimu kupita mpaka nyuma. Wababa kumi wenye majembe wanaweza kumaliza darasa moja kwa siku chache. Ifanywe wakati wa likizo, jua likiwaka, na watoto wasikalie kabla halijakauka kabisa ndani. Likinyeshewa likiwa bichi linapasuka, na mtarudia kazi yote upya.